Andika Majina ya Shangazi Zako

Katika familia nyingi za Lubumbashi, saratani ya ovari husimuliwa bila kutajwa jina. Mama mdogo wa Likasi alikufa kwa tumbo. Dada yake aliyeolewa Kipushi naye alikufa kwa tumbo, miaka michache baadaye. Wa tatu anapoanza kuvimba, tayari yuko mjomba anayejua ni nani anawamaliza, na kikao cha familia kinakaa kumtafuta mlozi kabla mgonjwa hajapigwa hata ekografi moja. Simcheki mtu hapa. Familia hiyo imeona jambo la kweli: ugonjwa uleule, ukoo uleule, wanawake waliokuwa bado na nguvu zao. Imeona mengi kuliko daktari anayekutana na mgonjwa mara moja kwa dakika kumi. Kosa ni kwamba ushahidi wote huo hupelekwa kwa mganga, badala ya kuandikwa kwenye karatasi na kupelekwa hospitali, ambako ungeweza kumsaidia wa nne.

Nataka kueleza kwa nini karatasi hiyo ina thamani. Nitaeleza pia kitu cha pili ambacho familia huwa haijui kwamba ina haki ya kukidai: kipande cha uvimbe wenyewe.

Seli inapogawanyika hunakili maandishi yote ya urithi, yaani DNA, tuliyopewa na baba na mama. Katika kunakili, makosa hutokea, na mwili una jeni maalumu za kuyashughulikia. Hizo ndizo jeni zinazozuia uvimbe. Fikiria karakana yenye kapita mkali. Kazi ikiharibika anasimamisha kila kitu na kuwaita mafundi. Wakishindwa kutengeneza, anaamuru kile kipande kitupwe. Kapita huyo, ndani ya seli, ni jeni iitwayo TP53. Miongoni mwa mafundi wako BRCA1 na BRCA2, ambao huunga uzi wa DNA uliokatika pande zote mbili, na hakuna kazi ngumu kuliko hiyo. Seli iliyopoteza mafundi hao hurundika makosa. Iliyompoteza kapita huendelea kugawanyika na makosa yake mgongoni. Hasara hizo mbili zikikutana katika seli moja, ndipo inapopata njia saratani ya ovari ile inayoua zaidi, ambayo madaktari huiita ya serosi ya daraja la juu.

Jeni hizi tunazo mbilimbili, nakala moja ya baba na nyingine ya mama. Mwaka 1971 mtafiti Mmarekani Alfred Knudson, akichunguza saratani ya jicho la watoto, alionyesha kwamba kwa kawaida ni lazima nakala zote mbili ziharibike ndipo uvimbe uanze. Mtu aliyezaliwa na nakala mbili nzima anahitaji ajali mbili katika seli ileile, na hilo ni jambo la nadra. Aliyezaliwa na nakala moja iliyokwisha kuharibika anahitaji ajali moja tu. Hakuzaliwa na saratani, na anaweza kuzeeka hadi kufa bila kuiona. Ila safari yake kuelekea huko ni fupi kuliko ya jirani yake.

Sasa kuna tofauti moja ambayo imewachanganya hata watu wenye elimu, nami naomba uisome polepole. TP53 huharibika karibu katika kila uvimbe wa ovari wa serosi wa daraja la juu. Utafiti mkubwa uliotolewa Marekani mwaka 2011 ulichunguza jeni za vimbe 316 za aina hiyo na kukuta TP53 imeharibika katika asilimia 96. Lakini uharibifu huo kwa kawaida umetokea ndani ya uvimbe peke yake, mama akiwa mtu mzima. Hakuurithi, wala hawarithishi watoto wake. BRCA1 na BRCA2 ni habari nyingine. Kati ya asilimia 10 na 15 ya wanawake wenye saratani ya ovari walizaliwa na moja ya jeni hizo ikiwa na kasoro, katika kila seli ya mwili, na kila mtoto wao, wa kike au wa kiume, ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuipokea.

Kwa hiyo karatasi ya maabara iliyochunguza uvimbe ikisema TP53 imebadilika, usiwaite mabinti zako kuwaaga. Karatasi iliyochunguza damu au mate ikisema BRCA1 ina kasoro, hapo waite, kwa utulivu, kwa kuwa jambo linawahusu. Swali la kwanza la kumuuliza daktari mbele ya matokeo yoyote ya jeni ni hili: kilichopimwa ni uvimbe, au ni damu yangu?

Ukubwa wa hatari unajulikana vizuri. Utafiti wa mwaka 2017 uliofuatilia maelfu ya wanawake wenye kasoro hizo ulikadiria kwamba kati ya wanawake 100 wenye kasoro ya BRCA1, kama 44 watapata saratani ya ovari kabla ya kufika miaka 80. Kwa BRCA2 ni kama 17. Kwa mwanamke wa kawaida ni kama mmoja, au zaidi ya mmoja kidogo. Saratani ya matiti, kwa jeni zote mbili, ni kama 70 kati ya 100. Zipo jeni nyingine za kundi hilo, kama RAD51C, RAD51D na BRIP1, na zile za ukoo ambamo saratani ya utumbo mpana huenda pamoja na ya mfuko wa uzazi, kama MSH2 na MLH1. Huna haja ya kuzikariri. Kipimo cha siku hizi huzisoma nyingi kwa mara moja.

Atakuja mtu wa kukuambia kwamba hayo ni magonjwa ya Wazungu. Mjibu kwa mfano wa Ibadan, mji wa Nigeria. Kundi la watafiti, akiwemo daktari Mnigeria Olufunmilayo Olopade wa Chuo Kikuu cha Chicago, lilipima jeni za wanawake 1,136 wa Nigeria wenye saratani ya matiti na kutoa matokeo mwaka 2018. Karibu 15 katika kila 100 walikuwa na kasoro ya kurithi, na BRCA1 ndiyo iliyoongoza. Baadaye kazi ya namna hiyo ilifanywa kwa wanawake wa Uganda na Cameroon, na picha ikatoka ya kufanana. Sisi wa Katanga tuko katika bara hilohilo. Sioni sababu ya mipaka ya Kongo kutukinga.

Turudi kwenye karatasi. Chukua daftari la shule, andika majina ya ndugu wa damu kwa vizazi vitatu: babu na bibi, wazazi na ndugu zao wote, wewe na ndugu zako, binamu. Kwa kila aliyeugua saratani, andika ni kiungo gani kilichoanza, na alikuwa na umri gani wakati huo. Umri ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Saratani ya titi katika miaka 38 inasema mengi kuliko ileile katika miaka 75.

Hapa Lubumbashi kuna mtego wa mila. Mbemba na Mlamba huhesabu ukoo kwa mama. Anajua habari za mama wakubwa na bibi zake wa upande huo hadi mbali, na wa upande wa baba huwapita haraka. Mluba wa Katanga huhesabu kwa baba na hufanya kinyume chake. Jeni haina habari na desturi hizo. BRCA1 yenye kasoro inaweza kutoka kwa bibi mzaa baba, ikapita kwa baba ambaye maisha yake yote hakuugua kitu, ikafika kwa binti. Ndiyo maana nimesema shangazi: kwa wengi wetu, dada za baba ndio huachwa nje ya hesabu. Andika pande zote mbili, kila mmoja kwenye ukurasa wake. Wanaume waandike pia. Saratani ya titi kwa mwanaume, hata mmoja tu, ni ishara nzito. Ya tezi dume iliyoua mapema nayo ihesabiwe, pamoja na ya kongosho.

Ugumu ni kwamba wengi wa marehemu wetu hawakuacha cheti chenye jina la ugonjwa. «Alikufa kwa tumbo» yaweza kuwa ini, kifua kikuu, mimba iliyoharibika, au ovari. Basi uliza maswali ambayo hata mzee asiyesoma anaweza kuyajibu. Je, tumbo lilijaa maji, na maji hayo yalitolewa kwa sindano yakarudi? Je, alipasuliwa, na waliompasua walisema nini? Macho yaligeuka manjano? Alikuwa ameshaacha kuona siku zake? Kabla ya hapo aliwahi kuwa na kidonda au uvimbe wa titi? Tumbo la maji kwa mama wa miaka 50 ambaye macho hayakugeuka manjano, na ambaye dada yake alikuwa na uvimbe wa titi, linatosha kumfanya daktari makini aweke kalamu chini na kusikiliza.

Mahali pa kuuliza ni kwenye kilio, na nasema hivyo bila kukosa heshima. Siyo usiku wa kwanza. Lakini siku ya kuondoa kilio, wale wa Kolwezi, wa Kasumbalesa na wa Kalemie wakiwa bado hawajapanda gari, ndiyo siku pekee katika miaka mingi ambapo kumbukumbu yote ya ukoo imekaa chini ya hema moja. Mwachieni dada mwenye busara kazi hiyo, aende kwa mama wakubwa mmoja mmoja. Kwa familia zenye asili ya Kasai ambazo ndugu zao walifukuzwa Katanga mwaka 1992 na 1993, nusu ya ukurasa iko Mbuji-Mayi au Kananga, na itabidi ipatikane kwa simu. Itafuteni hata hivyo.

Wakati daftari linajazwa, wanawake walio hai wajue dalili. Saratani hii haina alama moja ya kutisha, na ndiyo sababu hukutwa imechelewa. Tumbo hujaa gesi na kuvimba bila kupungua. Mama anakula matonge mawili ya bukari na tayari ameshiba. Kikwembe kilichokuwa kinafungwa vizuri Pasaka, Agosti hakizunguki, ingawa mikono na uso vimekonda. Chini ya kitovu kuna maumivu, na mkojo unabana mara kwa mara. Kila mwanamke huwa na siku moja ya haya. Kinachotofautisha ni kurudia: dalili mpya, zilizoanza ndani ya mwaka huu, zinazokuja zaidi ya mara 12 kwa mwezi. Aliyefika miaka 50 na kuambiwa kwa mara ya kwanza maishani kwamba ana gesi au amiba, akapewa dawa mara mbili bila nafuu, aache kununua dawa ya tatu. Aende kupigwa ekografi ya tumbo la chini.

Na mama ambaye mwaka huu alipimwa mlango wa kizazi, kwa siki au kwa kile kipimo cha kufuta kwa brashi, asijidanganye kwamba ovari zake zimepimwa. Kipimo hicho ni kizuri, kifanyeni. Lakini ni cha saratani nyingine, inayoletwa na kirusi, iliyo mahali pengine.

Ekografi ikionyesha kiste, bado si kilio. Viste vingi vya wanawake wanaoona siku zao huja na kuondoka bila kutibiwa, na vimbe nyingi za mfuko wa uzazi ni fibromu, ambazo si saratani. Daktari atatazama kama kuna sehemu ngumu ndani ya kiste, kuta nene, maji tumboni. Huenda akaagiza kipimo cha damu kiitwacho CA-125. Hapo katika nchi yetu kuna jambo ambalo vitabu vya Ulaya hulitaja kwa mstari mmoja: kifua kikuu cha tumbo huiga saratani ya ovari kwa kila kitu. Hujaza maji, hukondesha, hupandisha CA-125 hadi mamia. Wako wanawake waliofunguliwa tumbo kwa saratani na kukutwa na kifua kikuu, ugonjwa unaotibika kwa vidonge vya miezi kadhaa. Mimba, siku za hedhi, fibromu na ini bovu navyo huipandisha namba hiyo. CA-125 peke yake haimhukumu mtu. Maji yaliyotolewa tumboni yapelekwe maabara, na kifua kikuu kitafutwe, kabla ya familia kuuza kiwanja.

Kuna pia biashara ya kuwauzia wanawake wazima CA-125 na ekografi kila mwaka kama kinga. Uingereza walijaribu jambo hilo kwa uaminifu wote: wanawake zaidi ya 200,000 walifuatiliwa kwa miaka mingi, na matokeo ya mwisho yalipotoka mwaka 2021, vifo vya saratani hii kati ya waliopimwa havikuwa vichache kuliko kati ya wasiopimwa. Kwa mwanamke asiye na dalili wala historia ya familia, fedha hiyo inunue kitu kingine.

Tufike kwenye upasuaji, ambapo nina maneno mengi, kwa sababu hapa ndipo elimu yote ya jeni hupotea. Kwanza, uvimbe unaoshukiwa kuwa saratani usichomwe sindano kupitia ngozi ili kupunguza maji yake, wala usipasuliwe na yeyote aliye karibu. Ukipasuka ndani, seli humwagika tumboni. Lubumbashi tuna hospitali ya Jason Sendwe na Kliniki za Chuo Kikuu. Muulize daktari wako ni nani katika mji huu amezoea kazi hii, naye asione haya kukuelekeza. Lengo la upasuaji ni kuondoa kila kinachoonekana kwa macho. Kufungua na kufunga tena si matibabu.

Pili, kabla ya siku hiyo, uliza kipande kitakwenda wapi. Sema neno moja tu, anapathi, yaani uchunguzi wa kipande maabarani, na wataelewa kwamba umejiandaa. Kipande kiingie katika formoli ya asilimia 10, nyingi ya kukizamisha vizuri, siyo katika alkoholi, siyo katika maji ya chumvi, na kisikae humo wiki kadhaa kikisubiri mtu wa kukibeba, kwa kuwa formoli ya muda mrefu huivunjavunja DNA. Ndugu mmoja apewe kazi hiyo moja: kuhakikisha chupa imeandikwa jina, tarehe na kiungo, na imefika maabara. Mara nyingi ndugu huyo huyo ndiye atakayelipa, basi awe na fedha mkononi asubuhi ile.

Tatu, dai nakala ya matokeo yenye namba ya bloku ya parafini. Bloku ni kile kijipande cha uvimbe kilichofunikwa nta; hukaa miaka mingi bila barafu, huingia mfukoni, na huweza kusafirishwa. Leo pengine huna uwezo wa kupima jeni. Mwaka ujao binti yako aliye Brussels au Johannesburg anaweza kuwa nao, na mama akiwa ameshatangulia, bloku hiyo ndiyo sauti yake iliyobaki. Niseme wazi: kama fedha inatosha kitu kimoja tu baada ya upasuaji na dawa, itoshe anapathi nzuri, yenye aina na daraja la uvimbe.

Kipimo cha damu au mate kikipatikana, kianze kwa mgonjwa mwenyewe, siyo kwa dada mzima. Kumpima mzima bila kujua kasoro iliyoko kwenye ukoo ni kama kutafuta usichokijua. Jibu la «hakuna» halimtulizi mtu. Mgonjwa akikutwa na kasoro, ndugu wengine hupimwa hiyo moja tu, kwa gharama ndogo zaidi, na hapo «hakuna» ni «hakuna» kweli. Kila mgonjwa wa saratani ya ovari ya aina ya serosi anastahili kipimo hicho, hata asiye na shangazi yeyote mgonjwa.

Matokeo huandikwa kwa madaraja matano. La 4 na la 5 maana yake kasoro ni ya hatari. La 1 na la 2 si kitu. La 3 ni badiliko ambalo maana yake haijajulikana, na sisi Waafrika hulipata mara nyingi kuliko Wazungu, kwa sababu hifadhi za kulinganisha zimejaa DNA ya watu wa Ulaya. Daraja la 3 lisimwondolee mtu ovari. Mengi yake, yakichunguzwa baadaye, hugeuka kuwa si kitu. Weka karatasi, uliza tena baada ya miaka miwili.

Matibabu yenyewe ni upasuaji na shimio, yaani dawa za kuua seli za saratani, kwa kawaida karboplatini na paklitaxeli, kila wiki tatu, mara sita. Dawa zote mbili ziliingizwa na Shirika la Afya Duniani katika orodha ya dawa muhimu kwa ajili ya saratani hii mwaka 2015, kwa hiyo usikubali kuambiwa ni anasa. Mionzi haina nafasi kubwa hapa. Nawasikia watu wakichangisha fedha za kumvusha mgonjwa Kasumbalesa kwenda Lusaka kwa ajili ya mashine za mionzi, wakati anachokihitaji ni mpasuaji mzuri na dripu. Kama mtamvusha, na Lusaka wana hospitali nzima ya saratani, mvusheni kwa sababu iliyo sahihi, na mkiwa na anapathi mkononi.

Jeni huingia tena hapa. Karboplatini huua kwa kuharibu DNA, na uvimbe uliopoteza BRCA hauwezi kujitengeneza, kwa hiyo mara nyingi huitikia dawa vizuri zaidi. Kasoro ileile iliyouzaa ndiyo udhaifu wake. Juu ya udhaifu huo zimetengenezwa dawa za kumeza. Olaparibu iliruhusiwa Marekani na Ulaya Desemba 2014. Katika jaribio lililotolewa mwaka 2018 kwa wanawake wenye kasoro ya BRCA waliomaliza shimio ya kwanza, asilimia 60 ya waliomeza olaparibu walikuwa bado hawajarudiwa na ugonjwa baada ya miaka mitatu, dhidi ya asilimia 27 ya waliomeza kidonge kitupu. Bei yake ni kubwa mno kwa mfuko wa Lubumbashi. Naitaja ili aliye na ndugu ng'ambo asipoteze muda akiinunua kabla ya kupima BRCA.

Kwa wazima wenye kasoro, kinga yenye nguvu ni kuondoa ovari na mirija yake, baada ya kumaliza kuzaa: miaka 35 hadi 40 kwa BRCA1, 40 hadi 45 kwa BRCA2. Hatari hushuka sana. Hedhi hukoma siku hiyohiyo, joto la mwili na mifupa huhitaji kutunzwa, na mume aelezwe na daktari, siyo na jirani. Najua uzito wa uamuzi huo katika mji ambapo mwanamke bado huhesabiwa kwa watoto. Ndiyo maana neno «baada ya kumaliza kuzaa» si la mapambo.

Kwa wengine wote kuna njia nyepesi zaidi. Tangu watafiti wa Uholanzi walipoeleza mwaka 2001 mabadiliko ya mwanzo ndani ya mirija ya wanawake wenye hatari ya kurithi, imeendelea kuonekana kwamba saratani nyingi za «ovari» huanzia kwenye ncha ya mrija. Mkoa wa British Columbia, Canada, ulianza mwaka 2010 kuwahimiza wapasuaji waondoe mirija pale tumbo linapofunguliwa kwa sababu nyingine. Mama aliyeamua kufunga kizazi wakati wa kuzaa kwa kupasuliwa amuulize daktari: badala ya kuifunga mirija, unaweza kuitoa yote na kuniachia ovari? Hedhi haibadiliki. Vidonge vya kupanga uzazi navyo hupunguza hatari, na kadiri vinavyotumiwa miaka mingi ndivyo zaidi. Uchambuzi wa tafiti 45 uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba miaka 15 ya matumizi huikata karibu nusu. Kunyonyesha kunasaidia. Aliye na saratani ya matiti katika familia azungumze na daktari kwanza kuhusu vidonge.

Na migodi je? Kila ninapozungumza habari hizi swali hilo huja, na ni haki lije. Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake wa Leuven walionyesha mwaka 2009 kwamba wakazi wa karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana kobalti nyingi mno katika mkojo, na mwaka 2020 kundi hilo likahusisha kazi ya baba mgodini na watoto kuzaliwa na kasoro za mwili. Hayo ni mambo mazito na yana madai yake. Lakini saratani ya ovari haijathibitishwa kuletwa na kobalti. Katika vitu vya kazini, kilicho na ushahidi wa kutosha kwa ovari ni asbesto. Ukoo wenye wagonjwa watatu katika nyumba tatu tofauti, Likasi, Kipushi na Lubumbashi, uanze na daftari, halafu ndipo ulaumu moshi.

Limebaki jambo la watoto. Msichana wa miaka 14 mwenye uvimbe wa saratani kwenye ovari kwa kawaida yuko katika ugonjwa tofauti kabisa, unaotokana na seli za mayai na hauhusiani na BRCA. Hukua haraka, kwa wiki, na hutibika vizuri mno kwa shimio. Apelekwe bila kusubiri, na mzazi aombe ovari ya upande wa pili na mfuko wa uzazi viachwe, kwa maana mara nyingi inawezekana. Na binti mwenye afya wa miaka 12 ambaye mama yake ana kasoro ya BRCA asipimwe sasa, hata maabara ikikubali. Hakuna cha kumfanyia katika umri huo. Asubiri hadi awe mtu mzima na aamue mwenyewe. Uchunguzi wa matiti kwa wenye kasoro huanza kama miaka 25, basi mazungumzo naye yaanze mapema kidogo kabla ya hapo, na kaka zake wawepo.